Muulize Fundi: Lithiamu kwenye gari la kambi, ni toa hii weka hii?

Mvua zimekatika, vumbi limerudi, na wenye magari ya kulala porini wameanza hesabu za msimu. Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na swali moja: betri ya pili, ile inayobeba friji na taa injini ikiwa imezimwa, niiondoe ya asidi niweke ya lithiamu? Nimechagua chache na kuzifupisha. Mlioandika kurasa nne mnisamehe.

Mama Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii. Gari langu ni Land Cruiser mkonga, injini 1HZ. Nyuma nina betri ya sola ya AH 100 (AH ni ampia mara saa), ina miaka minne, nimeiunganisha na ya kuwashia kwa relei. Inabeba friji ya lita 45, taa nne, simu na kamera za wageni. Kwenye keria kuna paneli ya wati 120. Nikilala Kolo na wageni waliokuja kuona michoro ya miambani, friji inapiga alamu saa tisa usiku na kuzima. Duka moja mjini wameniambia ninunue lithiamu ya AH 100, nitoe hii niweke hii, eti vichwa ni vilevile. Niwasikilize? — Dereva, Ipagala

Marahaba, mwanangu. Vichwa kweli ni vilevile, hapo hawakukudanganya. Ila kwenye kazi hii betri ndiyo kitu cha mwisho kununua. Kabla yake kuna waya, relei, fyuzi na chaji kontrola, ile inayopima umeme wa paneli kabla ya kuingia betri, na ukiviacha kama vilivyo utakuwa umeongeza tu bei ya tatizo ulilonalo.

Tuanze na friji, maana huenda betri inasingiziwa. Usiku friji ikiwa inanguruma, weka mita kwenye vichwa vya betri, usome. Halafu weka mita kwenye tundu ambalo friji imechomekwa. Ukikuta 12.2 kule na 11.6 huku, mwizi ni waya. Magari mengi yanayofika kwangu yamefungiwa friji kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, umepitishwa chini ya zulia mita tano hadi nyuma. Friji ikivuta ampia 5, waya huo kwenda na kurudi unakula karibu volti 0.6. Ukiweka waya wa milimita za mraba 4, unakula volti 0.2 tu. Tazama pia friji yenyewe. Nyingi zina ulinzi wa betri wa ngazi tatu, na ile ngazi ya juu hukata mapema ili gari liweze kuwaka asubuhi. Wewe betri ya kuwashia unayo pembeni, kwa hiyo ishushe iwe ya kati. Ni kubonyeza kitufe, hulipi mtu.

Ukimaliza hayo na bado inazima, basi ni hesabu. Friji ya lita 45 kwa joto letu, ikifunguliwa na kila mgeni anayetafuta maji baridi, mimi huihesabia wastani wa ampia 2.2 usiku na mchana. Kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka saa tisa usiku ni saa tisa, AH 20. Taa, simu na kamera weka 10. Jumla 30. Betri yako imeandikwa 100, lakini ya asidi haitaki kushushwa chini ya nusu, na kwa miaka minne ile 100 inaweza kuwa imebaki 60. Nusu ya 60 ni 30. Umeona saa tisa inatoka wapi.

Na hapo nimekubali kwamba jioni ilikuwa imejaa. Betri ya asidi hupokea haraka mwanzoni, ikikaribia kujaa inakuwa mvivu, ile robo ya mwisho inataka saa nyingi. Kwa hiyo mwendo wa Dodoma hadi Kolo hauijazi, hata kama taa ya dashibodi imezimika na roho yako imetulia.

Kwa kazi yako ninakushauri uende lithiamu. AH 100 yake inakupa 80 hadi 90 bila manung'uniko. Ina kilo 12 hivi wakati hiyo ya asidi inakaribia 30. Volti zake zinakaa juu ya 12.8 karibu usiku wote, kwa hiyo friji hailalamiki. Na ikitunzwa inavumilia kujazwa na kumaliziwa mara elfu mbili na zaidi, wakati ya asidi inayoshushwa hadi nusu kila siku huhesabiwa kwa mamia. Bei sitaitaja, inabadilika kila kontena likishuka.

Sasa altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, na hapa unisome taratibu. Betri ya asidi ni mgeni mstaarabu mezani, anakula vizuri mwanzoni kisha anasema nimeshiba. Lithiamu inakula kwa kasi ileile mpaka sufuria likwanguliwe. Kibati cha altaneta yako soma, tuseme kimeandikwa ampia 80. Hizo ni za altaneta iliyopoa, injini ikizunguka kwa kasi. Wewe uko gia ya pili kwenye mchanga, injini imepata joto, feni ya altaneta inazunguka polepole, na nyuma kuna betri inayodai ampia zote ulizonazo kwa saa nzima bila kupumzika. Madayodi yanachemka, varnishi ya koili inaanza kunukia. Hilo likitokea uko mbali na mjini na wageni wanne, hakuna atakayekumbuka kwamba maji yalikuwa baridi.

Dawa yake ni chaja inayokaa kati ya betri mbili, wauzaji wanaiita chaja ya DC. Chukua ya ampia 30. Itavuta kama 35 kutoka kwenye altaneta, basi, hata betri ilie vipi, na ikifika kwenye lithiamu inatoa volti zinazotakiwa. Mwendo wa saa tatu unakurudishia AH 90. Usinunue ya 60 kwa sababu ya tamaa. Altaneta inahitaji pia taa, AC na betri ya kuwashia.

Relei yako ing'oe. Za aina hiyo hujiunga volti zikipanda kama 13.3 na kuachia zikishuka 12.8. Kwa betri ya asidi ni sawa, ukizima injini volti zinashuka, relei inaachia. Lithiamu iliyojaa inapumzika kwenye 13.3. Relei inaona 13.3, inadhani injini inaunguruma, inakaa imeshika, na betri yako mpya inashinda usiku ikiilisha ya kuwashia. Dukani hawatakuambia hilo kwa sababu wao hawalali kwenye gari.

Waya wa kutoka mbele hadi chaja weka wa milimita za mraba 16. Fyuzi ziwe mbili, za ampia 50: moja karibu na betri ya mbele, moja karibu na ya nyuma. Wengi wanaweka moja mbele wanapiga makofi. Waya ule una betri kila ncha. Ukichunika katikati na kugusa bodi, moto unaingia kutoka pande zote mbili, na fyuzi moja inazima upande mmoja tu. Waya upite ndani ya bomba la plastiki, na kila unapopenya bati uweke mpira.

Chaji kontrola ya paneli: kama ni ile ndogo ya bluu yenye b1, b2, b3, hizo ngazi kwa kawaida ni za betri za asidi. Tafuta yenye ngazi ya lithiamu au inayokubali uingize volti mwenyewe. Mimi huweka 14.2 ya kujazia na 13.5 ya kushikilia, na ile huduma ya kusawazisha ninaizima kabisa, kwa sababu ikipandisha volti hadi 15 betri itajifungia. Karatasi nyingi zinasema 14.6 ni sawa, na ni kweli betri inastahimili. Lakini 14.6 iko karibu na pale ulinzi wa ndani unapokata, na sioni sababu ya kuishi ukingoni kwa ajili ya tone la mwisho. Na jihadhari na kontrola zilizoandikwa MPPT, yaani zinazokamua nguvu yote ya paneli, ambazo ukizinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. MPPT ya kweli ina koili nzito ndani.

Mwisho ni paneli. Wati 120 zilizolala bapa juu ya keria, kwa jua la Dodoma la kiangazi, zinakupa AH 35 kwa siku, ukizifuta vumbi. Wewe kwa saa 24 unatumia karibu 70. Kila siku unayokaa bila kuwasha gari unarudi nyuma 35. Ongeza paneli ya pili ya wati 120 na utakuwa umefunga hesabu. Watu wanakimbilia betri ya 200 ili wakae siku nne, wakati paneli moja ingewaweka mwezi mzima. Mbuyu ni mzuri kupumzikia, lakini egesha gari juani wewe ukakae kivulini.

Betri ikae nyuma ndani, ifungwe kwa mkanda wa chuma, isikae chini ya boneti kwa sababu yoyote ile. Ile ya kuwashia iache ya asidi, N70 yako hiyohiyo. Stata ya 1HZ inavuta ampia mamia kwa sekunde chache, na lithiamu ya kawaida yenye ulinzi wa ampia 100 itajizima mara tu ukigeuza funguo.

Mama, habari za kazi? Mume wangu amenunua Hiace ya zamani anaitengeneza iwe ya familia, tulale humo tukienda kwao Mpwapwa. Anataka kuweka lithiamu chini ya kiti cha watoto. Kila siku naona kwenye simu video za pikipiki za umeme zikiwaka moto. Na joto la Oktoba unalijua. Tena jirani amemuahidi betri iliyotoka kwenye pikipiki ya umeme iliyogongwa, bei ya kutupa. Nimkatalie? — Mama wa watatu, Area C

Salama, mama watoto. Ya pikipiki iliyogongwa mkatalie leo hii kabla jirani hajaileta. Betri za pikipiki ni za volti 48, 60 au 72, gari lenu ni la volti 12. Akianza kuzikata na kuziunga upya sebuleni, hapo ndipo zile video zinapopatikana. Na seli iliyopata kishindo inaweza kukaa kimya wiki kadhaa kisha ikachemka yenyewe.

Mpya ya aina sahihi mruhusu, na masharti. Lithiamu si moja. Za simu na za pikipiki nyingi zina nikeli au kobalti, zikiharibika zinapata joto haraka na zinawaka kwa hasira. Za gari la kambi zinazofaa zimetengenezwa kwa chuma na fosfeti, kwenye boksi utaona LiFePO4. Hizo zinahitaji joto kubwa zaidi ndipo zianze kujiteketeza, na hata zikifika huko hazina ukali ule. Mwambie asinunue kitu ambacho hakina maandishi hayo.

Joto la Oktoba haliwashi betri, linaichosha. Gari likifungwa vioo likaachwa juani mchana kutwa, ndani linaweza kuvuka nyuzi 50, na betri nyingi za aina hii hukataa kuchajiwa zikifika kati ya 45 na 55. Karatasi ya betri yenu itasema kamili. Ikikataa si ubovu, inajilinda, isubirini ipoe. Chini ya kiti kuna kivuli, ni pazuri kuliko kando ya bati la ubavuni. Kuna onyo jingine mtakaloliona kwenye karatasi, usichaji chini ya nyuzi sifuri. Dodoma halituhusu, hata usiku wa Julai tuko kwenye 13 au 14. Siku mkienda kulala Kitulo mwezi wa sita, mtakumbuka.

Kinachounguza magari mara nyingi ni nati ya kichwa cha betri iliyolegea na waya usio na fyuzi. Kwa hiyo masharti yako kwa baba yawe haya: fyuzi kubwa isiyozidi kitanga kimoja cha mkono kutoka kichwa cha chanya, vichwa vyote viwili vifunikwe kwa plastiki, betri iwe ndani ya sanduku lililofungwa kwenye sakafu, na spana zisitunzwe kwenye sanduku hilo. Hilo la spana ulisimamie mwenyewe. Halafu baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, akaze nati zote upya. Ukigusa kichwa cha betri baada ya matumizi ukakuta kina joto kuliko betri yenyewe, pamelegea hapo.

Fundi, lithiamu yangu imekufa. Niliifunga mwezi uliopita, nikaenda nayo kambi upande wa Swagaswaga siku tatu. Usiku wa mwisho kila kitu kilizima ghafla. Mita inasoma volti 2 na kitu. Fundi wa hapa anasema seli zimeungua, ila yuko tayari kuinunua hivyohivyo kwa kilo. — Msomaji, Kondoa

Aliyekwambia imekufa na papo hapo akafungua pochi, mwangalie vizuri. Usiiuze.

Ndani ya kila betri nzuri ya aina hii kuna saketi ya ulinzi, wenyewe wanaiita BMS. Inapima seli nne moja moja. Seli yoyote ikishuka karibu volti 2.5, inakata mlango. Nje mita yako inasoma 0, 2 au 3, lakini ndani seli ziko hai zimekaa kwenye volti 10 au 11 kwa jumla. Tatizo ni kwamba chaja nyingi zikiona volti 2 zinadhani hakuna betri, na hazitoi kitu.

Ukiwa na chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuamsha, ichomeke na uiache. Kama huna, chukua betri ya gari nzima yenye volti 12 na kitu. Unga hasi kwa hasi. Kati ya chanya na chanya usiunge waya mtupu, pitisha kwenye balbu ya taa ya mbele. Balbu itawaka, labda hafifu, na ndiyo inayozuia umeme usimiminike kwa fujo. Weka mita kwenye vichwa vya lithiamu uangalie: volti zitaruka kutoka 2 hadi 10 au zaidi, mlango umefunguka. Hapo hapo washa chaja yake, uondoe ile betri ya gari na balbu. Ikichaji hadi mwisho na kesho yake imekaa kwenye 13.3 hivi, umeokoa pesa yako. Ikigoma kupanda, au ikivimba, au ikipata joto ikiwa imekaa tu, iweke nje ya nyumba na uirudishe ulikoinunua.

Fanya wiki hii. Betri iliyoishiwa kabisa ikiachwa miezi, seli zinashuka hadi mahali ambapo kuziamsha ni hatari, na hapo yule wa kilo atakuwa amesema kweli.

Sasa kwa nini ilishuka ndani ya siku tatu? Barua yako ndefu inataja inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya wati 1,000 ambayo "haikuwa na kazi". Ilikuwa imewashwa? Inveta iliyowashwa bila mzigo inaweza kula ampia moja nzima. Hiyo ni AH 24 kila siku, robo ya betri, kwa kuonyesha taa ya kijani tu. Izime kwa swichi yake kila ukimaliza kuchaji kompyuta. Na kipimo cha volti ulichobandika dashibodi kitoe. Kwa lithiamu hakisemi kitu: inakaa 13.2 au 13.1 siku nzima, kisha inaanguka kwa dakika chache. Nunua kipimo kinachohesabu AH zinazoingia na kutoka, kinafungwa kwenye waya wa hasi, na uhakikishe kila hasi ya gari inapita kwake, pamoja na ya paneli.

Ulidokeza pia birika la umeme. Birika la wati 1,500 kwa volti 12 linadai ampia zaidi ya 120. Inveta yako ni ya 1,000 na betri yako inaruhusu 100. Chemshia chai kwenye gesi.

Shikamoo mama. Ninauza juisi ya zabibu na maji baridi kwenye kirikuu, Nzuguni, kila siku isipokuwa Jumapili. Usiku naegesha nyumbani kwenye umeme. Nimeona betri mbili za lithiamu dukani, zote zimeandikwa 12.8V 100AH. Moja nzito, moja nyepesi na bei imepungua karibu nusu. Muuzaji anasema nyepesi ni teknolojia mpya. — Dada wa juisi

Marahaba, mwanangu. Teknolojia mpya ya kuuza hewa. Omba mizani. Seli nne za AH 100 za chuma na fosfeti, zenyewe bila boksi wala saketi, zina kilo 8 hivi. Betri nzima ikiwa na kilo 7, piga mahesabu mwenyewe ndani kuna nini. Ya kweli huwa kilo 10 hadi 13.

Wewe unatumia kila siku, na kwa matumizi ya kila siku lithiamu inajilipa kuliko kwa mtu mwingine yeyote aliyeniandikia mwezi huu. Kwa hiyo nunua nzito, na udai risiti ya EFD yenye maneno AH 100 yameandikwa, kwa sababu kuna jaribio utalifanya nyumbani. Ijaze mpaka chaja isimame yenyewe. Unga balbu mbili za H4 upande wa taa ful. Kila moja inavuta ampia 5 hivi, mbili 10. Kama una mita ya kubana inayopima DC, thibitisha. Ziweke juu ya tofali, zinachoma. Andika saa uliyowasha. Betri ya AH 100 inapaswa kukaribia saa kumi kabla haijajizima. Ikizima saa ya tano, umeuziwa 50, na risiti unayo mkononi. Jaribio lianze asubuhi ili usiku usikukute umekaa na balbu.

Chaja ya nyumbani iwe ya lithiamu, ampia 20, inaijaza kwa saa tano. Kwenye LUKU itakula kama uniti moja na nusu. Ile chaja ya zamani yenye kipini cha kupandisha na kushusha, ya gereji, usiitumie. Haina mahali pa kusimama.

Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, nina pikapu. Mara mbili kwa mwezi nalala shambani karibu na Kibaigwa usiku mmoja. Nina taa mbili, redio na simu. Vijana wananiambia betri yangu ya asidi imepitwa na wakati. — Mwalimu, Kongwa

Shikamoo, mwalimu. Waache vijana. Matumizi yako kwa usiku mmoja hayafiki AH 15, na betri hiyo itakuhudumia vizuri kwa sehemu ndogo ya bei ya lithiamu. Adui yake si kupitwa na wakati, ni kuachwa ikiwa nusu kwa wiki mbili. Ikikaa hivyo, sahani zake zinaota ukoko wa sulfati na hazirudi tena. Nunua paneli ndogo ya wati 50 na kontrola yake, uifunge juu ya kebini, betri ishinde imejaa hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo kazi, ile ya bluu ya b1, b2, b3 inatosha. Kama betri yako ina vifuniko vya kuongezea maji, chagua ngazi ya betri za maji, kwa kawaida ni b3.

Maji yake yafunike sahani kwa kama sentimita moja, na uongeze maji ya betri tu. Kijana wa gereji akija na kichupa cha tindikali kukuongezea, mshukuru umrudishe.

Nikinunua lithiamu, naweza kuiunga sambamba na ile ya asidi ya zamani nipate AH 200? — wameuliza wawili, mmoja wa Chamwino na mmoja wa Bahi

Hapana. Ya asidi iliyojaa inakaa 12.7, lithiamu 13.3. Ukiziunga, lithiamu itashinda na kukesha ikijaribu kuinyanyua ile ya zamani mahali ambapo haiwezi kukaa. Hutapata hizo AH 200, na utapata joto juu yake.

Ya zamani iuzeni. Wanunuzi wa betri chakavu wanapima kwa kilo, na baadhi yao watawaambia mmwage tindikali kwanza ili wasilipie maji. Msikubali, wala msiimwage shimoni nyuma ya nyumba: ina risasi ndani yake na kuku wenu wanachakura hapo. Ikabidhini na tindikali yake, vifuniko vimekazwa, imesimama wima. Kama mnunuzi hataki hivyo, tafuteni mwingine.